Viti vya Mama na Maji ya Wenzetu

Mama yangu alikuwa na viti vinne vya mbao, na ukitaka kuwaelewa watu wa kitongoji chetu, anzia hapo. Baba, kabla hajafariki, aliuza ufuta mwaka ambao ufuta ulikubali, akapanda lori hadi Tunduma, na aliporudi hakuleta baiskeli kama tulivyotarajia. Alileta viti alivyochongewa na fundi wa pale Mpemba, karibu na Tunduma, vyenye migongo iliyonyooka na miguu iliyopakwa vanishi. Mama akavishonea vitambaa vyeupe vyenye maua mekundu. Tangu siku ile vilikuwa vyetu kwa jina tu.

Kwetu Msangano, huku bondeni kwenye joto, mgeni hakai chini. Sisi wenyewe tunakaa chini, mkekani au juu ya gogo, na hatuoni shida. Lakini mgeni akikaa chini, mwenye nyumba amejiaibisha na ukoo wake mzima. Kwa hiyo mgeni akichomoza tu njiani, mtoto anatumwa mbio kwa mama kuomba kiti. Washenga wakija, viti viko huko. Mchungaji akija kuombea mgonjwa, viti viko huko. Upo mwaka viti vile vilihudhuria misiba mingi kuliko mchungaji mwenyewe. Mama alikuwa na ulimi, angeweza kukusema mpaka ukatamani ardhi ipasuke, lakini hakuwahi kumnyima mtu kiti wala kumwuliza kitarudi lini. Alisema kiti hakichakai kwa kukaliwa.

Ninayoyasimulia yalitokea miaka ya mwisho ya tisini, tukiwa bado tunahesabiwa Mbozi, mkoa wa Mbeya. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sijaolewa, kwa hiyo miguu yangu ilikuwa mali ya kila mtu mwenye jambo la kutuma. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na wifi yangu. Kaka, mume wa wifi, alikuwa Tunduma akisukuma mkokoteni kwenye mpaka wa Zambia, akivusha mizigo ya wafanyabiashara huku na huku. Biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa anauza kitu. Kaka alikuja mara chache, na kila alipokuja alileta mablanketi na maneno ya Kibemba.

Wifi alikuwa Mnyiha wa Itaka. Huko kwao ni milimani, kuna baridi na chemchemi, msichana anachota maji na kurudi kabla ugali haujaiva. Alipoolewa akashushwa bondeni kwetu, ambako kiangazi mto Momba unakuwa mchanga mtupu, na maji unayatafuta kwa kuchimba shimo kwa kata ya kuchotea, unasubiri yajikusanye, unachota kidogokidogo huku ng'ombe wamesimama wanakusubiri uondoke. Kutoka mtoni hadi kwetu ni mwendo wa kupumzika njiani zaidi ya mara moja, na kipande cha mwisho ni mlima. Hakulalamika. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka, na kwa sababu hakuwahi kunisemea kwa mama.

Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ya kwanza ilitoka akiwa njiani kutoka mtoni. Ya pili ilimfikisha mbali, mpaka tukaanza kuandaa vitambaa vya kumpokelea mtoto, kisha ikatoka nayo. Watu walisema ya kusema, kwamba labda ni mizimu ya Itaka haijakubali, labda ni jicho. Nesi wa zahanati alisema ni ndoo. Alisema maji ya mtoni yanamwumiza tumbo, na uzito wa kuyabeba unamaliza kilichobaki. Akashika mimba ya tatu mwanzoni mwa kiangazi, na nesi akamwambia mama mbele yangu: "Huyu mkitaka azae, asibebe kitu."

Ungedhani basi yamekwisha, mimi na mama tungebeba. Tulibeba. Lakini mama alikuwa na nyonga mbovu, akipanda mlima ule na ndoo alikuwa anatembea kama anayechechemea kwenye miiba, na wifi aliona aibu hadi ya kula. Mwanamke aliyeolewa anakaa kivulini huku mama mkwe anamletea maji ya kuoga! Watu hawakumsema, alijisema mwenyewe. Mara kwa mara tuliamka tukakuta ndoo haipo na wifi hayupo, kaenda mtoni na giza ili sisi tukute kazi imekwisha. Mama alimgombeza mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia kitu.

Ndipo tukasikia kuna mradi wa maji. Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba watakuja watu wa utafiti kuangalia hali za wananchi, afya zao na maisha yao, na kwamba baada ya hapo kitachimbwa kisima cha pampu, kimoja kwa kuanzia. Hakusema kitachimbwa wapi na kwa kipimo gani, pengine hata yeye hakujua. Alichokisisitiza ni kwamba wageni wanatoka mbali, wengine chuoni, tusimtie aibu.

Hakuna aliyemtia aibu. Siku ile viti vya mama vilifanya kazi ambayo havikuwahi kuifanya tangu vichongwe. Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na dada mmoja mrefu mwenye nywele fupi. Walikuwa wanaingia nyumba, wawili wanakaa na wa tatu anazunguka nje kuangalia, wanauliza, wanaandika, wanatoka, wanaingia nyumba inayofuata. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na viti. Viwili vikikaliwa, viwili nimevitanguliza nyumba ya mbele, kisha narudi kunyemelea vile vya nyuma, navibeba kichwani napita kwenye mabua ya mahindi ili nisionekane. Chupa ya chai ya mama ilisafiri pamoja navyo, na vikombe vya bati, na kitambaa cha meza cha mke wa mwenyekiti. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, na kwa sababu hiyo sijutii hata leo. Mgeni alikuwa anakuja, naye alitakiwa akute kiti.

Nilisikia maswali yote, maana nilikuwa nasubiri ukutani. Nyumba ya bibi mmoja jirani yetu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Bibi yule alikuwa analea wajukuu waliorudishwa kutoka Tunduma baada ya wazazi wao kufa, mmoja akimfuata mwenzake, kwa ugonjwa ambao siku zile tuliutaja kwa kuuzunguka. Ndani kwake kulikuwa na chungu, mkeka na mwiko. Yule dada akamwuliza kama kuna siku wanalala bila kula.

"Tunakula, mwanangu," bibi akajibu. "Mungu anatupa."

Wajukuu wake walikuwa wamekula kwetu usiku uliopita, na usiku wa kabla ya huo.

"Na afya zenu?"

"Wazima. Hatujambo kabisa."

Nisimlaumu bibi. Kwetu mtu akiulizwa habari, hujibu nzuri kwanza. Unaweza kumkuta mtu anatoka makaburini, ukamwuliza habari za siku, akakwambia nzuri. Halafu atavuta pumzi, atakaa, ndipo atakuambia, ila mtoto ametutoka. Nzuri ndiyo mlango, ndani unaingia baadaye. Wageni wale walisimama mlangoni wakaandika, wakaondoka.

Kwetu walifika mwisho. Dada yule alikaa kwenye kiti, akapitisha kidole juu ya maua ya kitambaa, akatabasamu. "Kitongoji hiki mnapenda kushona," akasema. "Karibu kila nyumba nimeona ua hili." Mama akasema tunajitahidi. Akaulizwa kuhusu maji, akasema yapo, mto upo. Akaulizwa kuhusu wagonjwa, akasema hakuna. Wifi alikuwa jikoni akikoroga uji wa wageni, mkono mmoja umeshika kiuno.

Kilichofanyika kitongoji cha pili nilikisikia baadaye. Huko waliishi wafugaji wa Kisukuma, waliohamia bondeni na mifugo yao katika miaka ile. Sisi tulikuwa hatuivi nao. Mwaka uliotangulia ng'ombe wao waliingia kwenye mpunga wetu, na mama alikwenda hadi kwenye boma lao akasimama uwanjani na kusema maneno ambayo mimi niliyasikia kwa aibu. Miongoni mwa hayo aliwaita watu wasio na kwao.

Wao hawakuazima kitu siku ya utafiti. Mgeni wao hukaa kwenye kigoda, uwanjani, kama wanavyokaa wao. Nyumba zao zilikuwa za miti na nyasi kwa sababu mtu anayeweza kuhama kesho hajengi kwa tofali. Ng'ombe walikuwa machungani na vijana, mbali. Basi watu wa utafiti waliingia wakakuta nyumba za nyasi, vigoda na watoto wenye vumbi, wakaandika walichokiona. Nisiwaseme vibaya wenzetu. Maji hawakuwa nayo, walikuwa mbali na mto kuliko sisi, na watoto wao walihara kama wa kwetu. Ila kwamba sisi tulikuwa na nafuu kuliko wao, hilo ng'ombe wao wenyewe wangelicheka.

Mavuno yalipokwisha wageni wakarudi kutoa mrejesho. Mkutano ulifanyika darasani, na viti vya mgeni rasmi na wenzake, unaweza kubahatisha vilikuwa vya nani. Nilivibeba mwenyewe. Yule dada alitundika karatasi kubwa ubaoni, yenye miduara ya rangi, akaeleza taratibu, kwa Kiswahili kizuri, kwamba wameangalia nyumba, vyombo, chakula na magonjwa, na kwamba vitongoji vimegawanyika katika makundi. Kitongoji chetu kilikuwa kwenye duara la kijani. Akasema maana yake ni kwamba sisi tuna nafuu.

Watu wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi, na kina mama wawili wa nyuma wakapiga vigelegele. Nani hataki kuambiwa mbele ya wageni wa chuoni kwamba si maskini? Bibi mwenye wajukuu alikuwa anatabasamu kama bibi harusi. Nami kidogo nipige makofi, kisha nikamwona wifi hajainua mikono. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko sisi sote.

Dada akaendelea. Akasema kwa kuwa kisima ni kimoja, kitakwenda kwenye duara jekundu, kwa wafugaji.

Makofi yakafa.  Nilitaka kusimama niseme: viti mlivyoviona nyumba zote ni vinne tu, na vinne vyenyewe mmevikalia sasa hivi. Nilishaanza kunyanyuka, mama akanishika kanga kwa nguvu akaniketisha.

"Unakwenda kusema nini?" akaninong'oneza.

"Kwamba viti ni vyetu. Kwamba bibi hana kitu."

"Bibi yuko pale. Mtazame."

Nikamtazama. Tabasamu lilikuwa bado halijamwisha usoni.

"Unataka nimvue mwenzangu nguo mbele ya wageni na mbele ya wajukuu zake? Kaa chini."

"Na wifi je?"

Mama alikaza mkono. Aliendelea kushika kanga yangu mpaka mkutano ukafungwa kwa sala. Nilimchukia siku ile, niseme ukweli. Nilikuwa na umri wa kuona kwamba ukweli ni kitu cha kusimama na kukisema, basi. Yeye alikuwa na umri wa kujua utamwangukia nani.

Lakini mdomo wangu haukukubali kulala na ukweli ule. Wageni walipokuwa wanapakia vitu vyao kwenye gari, nilimfuata yule dada nikamwambia yote: viti, chupa ya chai, wajukuu wanaokula kwetu, wifi na mimba zake. Nilimwomba asimtaje bibi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akaegemea mlango wa gari.

"Hatua za kuchimba zimeshaanza," akasema. "Siwezi kuzirudisha. Mngetuambia, mdogo wangu."

"Mngeuliza viti ni vya nani."

"Niliuliza kama mna viti. Mkaniambia karibu ukae."

 Hakuwa anashindana nami, alionekana mtu aliyechoka na aliyeumia. Alinishika bega, akapanda gari.

Mwezi uliofuata mtambo wa kuchimba ukapita barabarani ukitimua vumbi, ukaenda kwa wenzetu. Maji yalipatikana. Wanawake wa kitongoji chetu wenye miguu mizuri walianza kwenda huko kuchota, wakipanga foleni baada ya wenyeji. Kwa wifi hapakuwa na tofauti, maana kutoka kwetu hadi kisimani na kutoka kwetu hadi mtoni, mwendo ulikuwa ni uleule. Mimba ilikuwa inakua na jua lilikuwa linazidi kuwaka.

Kisha asubuhi moja nikamkuta njiani. Nilikuwa nimeamka nikaona ndoo haipo, nikakimbia kuelekea mtoni nikimtukana moyoni, na nikamkuta ameketi pembeni ya njia, ndoo imelala, maji yamekwisha kunywewa na vumbi. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kwenye kanga yake kulikuwa na damu, si nyingi.

"Usimwambie mama," akasema.

Nilimwambia mama kabla sijafika uani.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli ya mwenyekiti, mimi nikisukuma na mama akimshikilia. Nesi alimlaza, akamchunguza, akatoka nje akatuambia mtoto bado yuko. Akasema safari hii hasemi tena mambo ya kutobeba, maana tumeonekana hatusikii. Anachosema ni kwamba huyu akae mahali ambapo hata akitaka kwenda mtoni hawezi. Akasema hivyo akaingia ndani akafunga mlango.

Tulirudi naye nyumbani, na mama hakumgombeza. Si kawaida yake, na mimi niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa matusi. Kesho yake alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akamwambia wifi ajifunge kanga nzuri. Tukamkodia mwendesha baiskeli, wifi akakaa nyuma, sisi tukatembea. Nilidhani tunakwenda zahanati. Tulipofika njia panda mama akashika njia ya juu, ya kwa wafugaji.

 Nilianza kuelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyotaka kugeuka. Mama hakuwa na kitu mkononi. Mwanamke ambaye hakuwahi kwenda hata kwa dada yake bila debe la unga alikuwa anaingia kwenye boma la watu aliowatukana, mikono mitupu, na kapu hana.

Kisima kilikuwa kabla tu ya kufika uwanjani kwao. Mke mkubwa wa boma lile alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Alikuwa mdogo kwa mama kwa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye macho ya kusinzia. Alimtambua mama mara moja, niliona anavyoacha mchicha. Mama akasogea hadi mbele yake, na pale pale, juu ya mavi makavu ya ng'ombe, na nyonga yake ile, akapiga magoti.

Sasa kwao pia mwanamke humpigia magoti mtu mzima. Hawezi kusimama ilhali mama wa watu yuko chini. Basi yule mke wa boma naye akateremka kwenye kigoda akapiga magoti mbele ya mama. Wakabaki hivyo, wawili, uso kwa uso.

"Nimekuja kuomba," mama akasema. "Sina kitu mkononi. Huyu mkwe wangu ana mimba. Wawili wametangulia. Nesi amekataza ndoo, nami nikimbebea anaona aibu, anatoroka anakwenda mtoni. Kwangu ni mwenye nyumba, siwezi kumzuia. Kwako atakuwa mgeni, na mgeni hashiki ndoo. Maji yako mlangoni, na zahanati si mbali na hapa. Naomba akae kwako mpaka ajifungue."

Yule mwanamke alimtazama wifi, akamtazama mama.

"Mwaka jana ulikuja hapa," akasema.

"Nilikuja."

"Ulisema hatuna kwetu."

"Nilisema."

 Wifi alikuwa amesimama katikati yetu, tumbo limetangulia, na machozi yanamtoka bila sauti. Mimi nilikuwa namwomba Mungu mama asianze kujitetea. Hakujitetea. Alikuwa anatetemeka mguu mmoja, ule wa nyonga, na bado hakuinuka.

"Inuka basi, mayu," mke wa boma akasema. Mayu kwao ni mama. "Mimi nitasimamaje na wewe uko chini?"

"Inuka wewe kwanza. Mimi ndiye mwombaji."

"Wewe ndiye mkubwa."

Hakuna aliyetaka kuanza. Ikabidi mimi na wifi tuwashike mikono, mimi mama na yeye mwenyeji wake, tuwainue kwa pamoja. Yule mwanamke alipopata kusimama akajikung'uta magoti, akacheka, akamshika wifi mkono akampeleka ndani. Hakumpa mama jibu lingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipokwenda kumwona wifi nilikuta naye ameshapewa jembe lake: ungo wa karanga za kubangua, ameegemea ukuta na miguu ameinyoosha. Kila alipotaka kuinuka, watoto wa boma walikuwa wameagizwa wapige kelele, na walipiga. Wifi alisema kuishi na Wasukuma ni kama kuishi na kengele. Alikuwa amenenepa mashavu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama, akaniambia nirudie sehemu ya mashavu.

Uchungu ulimshika mvua zikiwa zimeshaanza. Walifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamtandikia magunia, mke wa boma akakaa naye nyuma akimshikilia kichwa, na wakampeleka zahanati kabla sisi hatujapata habari. Mama na mimi tulifika tumelowa chapachapa. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa ameshapakatwa na yule mwanamke, naye alipomwona mama alinyoosha mikono kumpa. Mama alimpokea, akaketi naye sakafuni, pembeni kabisa ya benchi la wageni, akalia kilio cha msibani. Nesi akamwambia anyamaze, atawatisha wagonjwa.

Mwaka uliofuata watu wa utafiti walirudi kuangalia kama kisima kimebadilisha kitu. Alikuwa dada yuleyule. Safari hii mwenyekiti alinitoa mimi niwaongoze, kwa kuwa, alisema, mdomo ninao. Tulianzia kwa wafugaji. Wifi alikuwa kule siku hizo, alikuwa ameshazoea kwenda kukaa wiki nzima akisaidia kuvuna ufuta wao, na mtoto alikuwa amefungwa mgongoni mwa mke wa boma. Dada akauliza ni akina nani wanaoishi katika kaya ile, wanaolala hapo na kula hapo. Mwanamke yule akaanza kuwataja, mume, wake wenziwe, watoto, vijana wa machungani. Alipomaliza akaongeza wifi. Kisha akajipapasa mgongoni.

"Na huyu," akasema. "Hawa ni wa hapa."

Dada akaandika. Jioni tulifika kwetu, na swali likawa lilelile. Mama akajitaja, akanitaja mimi, akamtaja kaka aliyeko Tunduma, akamtaja wifi, na akamtaja mjukuu wake, kwa sauti, jina la kwanza na jina la baba.

Kalamu ya dada ilisimama. Aliinua macho akanitazama, na nilijua amekumbuka. Angeweza kuuliza, mtoto huyu si ndiye tuliyemwona kule? Nami ningelazimika kujibu. Mama alikuwa anasubiri, amekaa wima, tayari kabisa kugombana.

Dada akainamisha kichwa, akaandika.

Wale wawili waliotangulia hawakuwahi kuhesabiwa popote na mtu yeyote. Huyu alihesabiwa mara mbili.